Kodi Saba za Skeli Moja: Acha Kukariri Michoro

Msomaji ameniandikia kwamba amekariri kutoka kwenye michoro kodi nyingi (noti zinazopigwa pamoja) za ukulele, lile gitaa dogo la nyuzi nne, hadi vidole vimeota sugu, lakini mtu akianza kuimba wimbo asioujua, yeye hubaki ameduwaa. Ndugu, vidole vyako havina kosa. Unazijua kodi mojamoja, hujui undugu wake.

Chukua skeli, yaani ngazi ya noti, ya C meja: C, D, E, F, G, A, B. Kwenye uzi wa C zinakaa freti (vile vijivyuma vya shingoni; 0 ni uzi usiobanwa) 0, 2, 4, 5, 7, 9 na 11. Kila noti ijengee kodi kwa kuruka noti moja: C, E, G, kisha D, F, A, endelea hivyo hadi B, D, F. Sasa hesabu ni freti ngapi kutoka noti moja hadi inayofuata. C hadi E ni 4, E hadi G ni 3: hiyo ni meja. D hadi F ni 3, F hadi A ni 4: hiyo ni maina. B, D, F inatoa 3 na 3, ndiyo diminishi. Mpangilio huu haubadiliki katika ufunguo wowote wa meja, yaani skeli yoyote ya meja ambayo wimbo umejengwa juu yake: namba 1, 4 na 5 ni meja, 2, 3 na 6 ni maina, 7 ni diminishi. Ukishaushika, nusu ya ile michoro uliyobandika ukutani haina kazi.

Kwa nyuzi za G, C, E, A, kila tarakimu ikiwa freti ya uzi wake kwa mpangilio huo na m ikiwa maina, kodi zenyewe ni C 0003, Dm 2210, Em 0432, F 2010, G 0232, Am 2000 na B diminishi 4212.

Wengi huikimbia hiyo ya saba bila sababu. Bana G7, yaani G iliyoongezewa F, 0212: kidole cha shahada freti ya 1 uzi wa E, cha kati freti ya 2 uzi wa C, cha pete freti ya 2 uzi wa A. Usiondoe kidole hata kimoja. Weka kidole cha mwisho freti ya 4 uzi wa G. Hiyo ndiyo B diminishi. Ni G7 iliyonyang'anywa G yake, ndiyo maana zote mbili hukuvuta kurudi C. Na ile 2020 ambayo vitabu vingi huiita D7? Ina A, C, F♯ (freti moja juu ya F) na A. D haimo kabisa. Ni F♯ diminishi, namba 7 ya ufunguo wa G, na inafanya kazi ya D7 vizuri tu.

Kwa mazoezi, piga Am, F, Dm, G7, C, mapigo manne kila moja. Am inataka kidole cha kati peke yake, freti ya 2 uzi wa G. Kiache hapo, ongeza shahada freti ya 1 uzi wa E: F. Ongeza cha pete freti ya 2 uzi wa C: Dm. Kuingia G7, shahada haibanduki. Cha kati kinahamia uzi wa C na cha pete uzi wa A. Anayeinua mkono mzima kila kodi ndiye anayechelewa pigo, halafu analaumu ukulele.

Sasa kuusindikiza wimbo. Sikiliza noti inayoangukia pigo lenye mkazo, kwa sababu kila noti ya skeli imo ndani ya kodi tatu. E imo katika C, Am na Em. Jaribu zote tatu. C na Am zimeshirikiana noti mbili, kwa hiyo kubadilishana kwake ni kwa upole; ukitaka sikio lisikie safari, nenda F au Dm. Wimbo unapokaribia kutua, weka G7.

Kuna jambo moja la ukulele yenye G ya juu, yaani uzi wa G unaolia juu kuliko wa C: uzi wa chini kabisa kwa sauti ni C. Kwa hiyo C, F na Am zote, zikibanwa hivi, zina C chini, na G 0232 ina D chini. Usitegemee besi ikuonyeshe mabadiliko kama kwenye gitaa. Sikiliza nyuzi za E na A.

Mwimbaji akisema wimbo uko juu, usihangaike: hamishia namba zilezile kwenye ufunguo mwingine. C, Am, Dm, G7 ni 1, 6, 2, 5. Kwenye G inakuwa G, Em, Am, D7. Kwenye F ni F, Dm, Gm 0231, C7 0001. Kosa la kawaida hapa ni kupiga G meja ndani ya ufunguo wa F. G meja ina B, na F inataka B♭ (freti moja chini ya B). Mwimbaji akishika B♭ wakati wewe uko kwenye B, mtagongana nusu toni, na wasikilizaji watamwangalia yeye.