Madoa usoni na mstari tumboni: krimu ya jirani iache

Dada wa Shela, mimba ya miezi sita, madoa ya kahawia mashavuni, mstari mweusi tumboni, na jirani kakuletea krimu ya kung'arisha. Usiipake. Baadhi ya krimu za namna hiyo huwa na zebaki, nayo humfikia mtoto tumboni.

Madoa hayo na mstari huo huletwa na homoni za mimba tu. Mstari hufifia wenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Madoa huchelewa zaidi, mengine hayaishi kabisa.

Kinachosaidia hasa ni kulikwepa jua. Ukipanda mashua kwenda Lamu mjini, jua linakupata juu na tena kwenye maji, kwa hiyo mtandio peke yake hautoshi: ongeza mafuta ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Mafuta ya nazi hupunguza mwasho wa tumbo linalotanuka, ila michirizi hayaizuii (wauzaji watakwambia vingine). Hina ya majani matupu haina neno, piko, ile rangi nyeusi ya kemikali, usiiguse.

Lakini ukiwashwa viganjani na nyayoni, hasa usiku na bila vipele, nenda hospitali siku hiyohiyo wakupime damu. Huenda ini lina tatizo, na hilo ni hatari kwa mtoto. Macho yakiwa manjano, vilevile.