Maswali ya Wasomaji: Bustani ya Vioo Wakati wa Baridi

SWALI: Januari nitakuwa London, nataka kuona mimea ya joto Kew, ile bustani ya mimea ya huko. Nijiandae vipi, na kamera je?
Msomaji, Likoni

JIBU: Ingia Palm House, jengo la vioo lililojengwa 1844 hadi 1848. Ndani kuna fukuto kama la Mombasa, kwa hiyo chini ya koti vaa shati jepesi la pamba. Kamera ndiyo huharibu raha: kioo kilichopoa kikikutana na hewa yenye unyevu, mvuke hugeuka matone ya maji juu yake. Ukiwa bado nje, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Ingia nayo, ngoja dakika 20 hadi 30, ndipo ufungue. Usibadilishe lenzi humo. Nenda asubuhi, maana jua huzama mapema, baada ya saa kumi jioni tu.