Ukiamua Kumlipia Mtu Tiba ya Kiwewe, Mlipie Mpaka Mwisho

Kila kukitokea balaa nchini, simu yangu hujaa ujumbe wa watu wanaotaka kuanzisha kikundi kama chetu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo hapa Nairobi kinachochanga pesa na kuwalipia manusura wa ukatili na mashambulizi vikao vya ushauri nasaha wa kutibu kiwewe, yaani jeraha la akilini linalobaki baada ya tukio la kutisha. Ofisi hatuna. Tuna daftari, akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na chumba cha nyuma cha kanisa tunachokitumia bure, mradi tutoke kabla kwaya haijaanza mazoezi. Wanaonipigia huniuliza lile lile: tuanze na watu wangapi? Jibu langu huwakata maini kidogo. Anzeni na wale mnaoweza kuwalipia mpaka mwisho, hata wakiwa wawili.

Wanakamati wapya tunawaelezea sababu kwa kumwalika mnasihi mmoja tunayefanya naye kazi. Huja na mfuko wa plastiki, akatoa kamba, kokoto na maua ya kutengeneza, kisha akapiga magoti na kuinyoosha kamba sakafuni. Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa. Maua ni mambo mema, mawe ni mambo mazito, na kila kimoja huwekwa kwa mpangilio wa miaka. Mwisho wa kamba huachwa umeviringishwa kwa sababu ndizo siku zijazo. Hicho ni kikao kimoja tu. Vinavyofuata, mtu husimulia maisha yake tangu utotoni, na akifika kwenye jiwe halipiti haraka: aliona nini, alisikia harufu gani, mwili ulifanya nini, mpaka woga uliopanda uanze kushuka. Tiba hii ya masimulizi imefanyiwa majaribio jirani hapa, kambi ya Nakivale nchini Uganda, kwa wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia. Waliowahudumia walikuwa watu wa jamii ya wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo, na matokeo mazuri yakachapishwa mwaka 2008.

Sasa fikiria mtu yuko katikati ya jiwe kubwa kuliko yote, halafu mweka hazina anapiga simu kusema pesa zimeisha. Umemtonesha kidonda, ukamwacha nacho. Afadhali usingemgusa.

Kwa hiyo hesabu yetu inaanzia mwisho. Bei tunazokutana nazo Nairobi ni kati ya Sh2,000 na Sh5,000 kwa kikao, na wapo wanasihi wanaotupunguzia. Tunachukua idadi ya vikao aliyokadiria mnasihi, tunaongeza viwili vya dharura, tunajumlisha nauli, kisha tunazitenga pesa hizo zote kabla ya kikao cha kwanza. Mwenyekiti wetu, nesi mstaafu asiyetishika na mtu, hatii sahihi yake kama pesa ya kikao cha mwisho haijaingia benki. Wafadhili hawapendi utaratibu huu. Wao wanapenda idadi, na kuna mmoja aliyetaka tugawe pesa zake ili kila mtu apate vikao viwili viwili, ripoti ipendeze. Mwenyekiti alimrudishia hundi yake kwa heshima zote.

Nauli nimeitaja haraka, lakini ndiyo inayowakatisha watu njiani. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa hapa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, Dkt. Frank Njenga, daktari wa magonjwa ya akili, na wenzake waliwahoji manusura 2,883, wengi wao kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu tangu mlipuko. Kiasi cha asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa wa kiwewe. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na dalili hizo ni kukosa rafiki wa kumweleza yaliyokupata, na kuingia katika shida za fedha baada ya tukio. Hilo la pili tunaliona kila wiki. Aliyeumizwa amepoteza siku za kazi, pengine kibarua chenyewe, na wewe unamwambia aje mjini kila Alhamisi. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, matatu ya shilingi hamsini inakuwa ya mia moja na hamsini, na mtu anaona aibu kukuambia kuwa hana. Atakwambia alikuwa na mgeni.

Nauli yenyewe ina mtego. Ukituma kwa M-Pesa, ujumbe unaoingia kwenye simu ya mpokeaji unaonyesha jina la aliyetuma. Kama kikundi chako kina jina linalotangaza ukatili wa nyumbani, na mwenye ukatili ndiye anayeishika simu ile jioni, umemponza. Chagueni jina lisilosema lolote, la kuchosha hata kulisoma. Letu linafanana na la chama cha kununua viti na hema. Na nauli itolewe mkononi na mnasihi mwenyewe, ya kurudia leo na ya kujia safari ijayo.

Wapo wasiopanda matatu kabisa. Aliyenusurika mlipuko ndani ya basi, mfano yale mawili ya Thika Road ya Mei 2014, humwambii ajipenyeze kwenye kiti cha katikati na mlango ufungwe. Hao huchukuliwa na dereva wa teksi ambaye ni mwanakamati wetu. Huzima redio, hufungua vioo, na haulizi swali. Mchango wake hauonekani katika hesabu zangu za mwezi, nami naona kikundi kinamhitaji yeye kuliko mimi.

Mnasihi naye asichukuliwe kwa sababu ana sauti ya upole. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, hivyo kumwomba mtu vyeti vyake si kumvunjia heshima. Muulize amesomea kiwewe hasa au ushauri wa jumla tu. Kisha muulize swali linalowababaisha wengi: wewe mwenyewe unamweleza nani? Anayesikiliza habari za ubakaji na mapanga kuanzia asubuhi hadi jioni anatakiwa kuwa na msimamizi wa kitaaluma wa kumpelekea mzigo huo. Akisema hana muda, au ameokoka na Mungu anamtosha (tumeshalisikia hilo), tunamshukuru na kuendelea kutafuta. Msimamizi huyo pia hulipwa. Iandikeni gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo, maana wanasihi wengi huilipa kimyakimya kutoka mfukoni, na siku wakishindwa, wanaacha kazi.

Kuhusu siri, mimi simjui hata mmoja tunayemlipia. Katika daftari langu kuna herufi na namba, kama K4, na idadi ya vikao. Anayejua majina ni mwenyekiti na mnasihi anayehusika, basi. Sheria ya kulinda data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini hata bila sheria, Nairobi ni ndogo. Picha hatupigi. Mfadhili akitaka ushuhuda tunampa nakala za risiti.

Nirudi kwa hao wanaonitumia ujumbe wakati wa balaa. Nawaelewa, mtu akiona maiti kwenye televisheni anataka afanye kitu jioni hiyo hiyo. Lakini wiki ya kwanza wengi hawahitaji tiba yetu. Wanahitaji mahali pa kulala, chaji ya simu, na mtu wa kuwaambia ndugu yao yuko hospitali gani. Kuwakusanya ukumbini na kumtaka kila mmoja asimulie aliyoyaona ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani linashauri lisifanywe, kwa kuwa halizuii kiwewe. Anayezidiwa siku hizo anaweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, azungumze na mtu. Ninyi changeni pesa na mziweke. Wengi watapata nafuu wenyewe wakiwa na watu wao. Baada ya miezi sita, kamera zikiwa zimeshaondoka, mtajua ni nani bado anaamka usiku akipiga kelele, nani hawezi tena kuingia dukani, nani ameanza kunywa. Hapo ndipo pesa zenu zitakapokuwa na kazi.

Jambo moja hutokea mara nyingi kuliko nilivyotarajia nilipopewa daftari hili: mtu akimaliza vikao vyake anataka kurudisha fadhila. Analeta mia tano, anaomba kuwa mwanachama, anajitolea kuwasindikiza wengine. Sisi hatupokei kitu kutoka kwake mpaka mwaka mzima upite. Baadhi hukasirika, na mwenyekiti huwa ana kazi ya kuwatuliza. Lakini anayejiona ana deni hatakupigia simu siku ndoto zile zikirudi, na vile vikao viwili vya dharura viliwekwa kwa ajili ya siku hiyo.