Sintesaiza ya kompyuta au ya mashine?

Mdogo wangu unayeuliza uanze na sintesaiza ipi (chombo cha kutengeneza sauti za muziki kwa umeme), ya programu ya kompyuta au ya mashine yenyewe, kama laptop unayo tayari usikimbilie mashine, pakua programu za sintesaiza kama Vital au Surge XT, zote zinapatikana bure, halafu hela yako nunua kikibodi cha MIDI (kinanda unachochomeka kwenye kompyuta kupiga sauti za programu) maana kutafuta sauti kwa mausi kunachosha mno. Ukitaka zile sauti za sintesaiza ya mashine Yamaha DX7 ya 1983 kuna programu ya Dexed, nayo bure. Noti ikichelewa kusikika shusha bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa) mpaka sampuli 128 hivi, sauti ikianza kukwaruza pandisha bafa kidogo. Mashine ni tamu sana kwenye laivu, kila nobu (kitufe cha kuzungusha) iko mkononi, ila kwa vumbi letu la Dodoma kiangazi hiki nunua na kifuniko kabisa, nobu zikiingia vumbi kila ukizungusha sauti inarukaruka.