Kompyuta Haioni Diski? Usikimbilie Kupiga Windows

Kompyuta ikiwaka na kuandika "No bootable device", wengi hapa Arusha hukimbilia kupiga Windows upya. Subiri. Ingia bayosi kwanza, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, kwa kubonyeza kitufe chake mara tu kompyuta inapowaka: Dell ni F2, HP ni F10, Lenovo nyingi za ofisini ni F1. Tafuta jina la diski.

Jina likiwepo, mara nyingi kinachogoma ni mpangilio. Hapa ndipo zile kompyuta za mezani za mtumba zilizojaa kwenye steshenari zetu zinapotutoa jasho. Betri ya CR2032 kwenye madabodi (bodi kuu) ikishachoka, hutajua mpaka umeme ukatike: tarehe inarudi miaka nyuma, na mpangilio unarudi wa kiwandani. Windows iliyowekwa kwa AHCI inakuta RAID (njia mbili tofauti za kompyuta kuongea na diski). Iliyowekwa kwa Legacy, njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, inakuta UEFI, njia mpya. Betri nzima ina volti 3. Mita ikisoma chini ya 2.7, nunua nyingine, hata mafundi saa wanazo, kisha rudisha mpangilio mmoja mmoja ukiandika ulichokikuta.

Jina lisipokuwepo, zima, chomoa waya wa ukutani, kandamiza kitufe cha kuwashia sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Chomoa waya wa data wenye pini 7 na wa umeme wenye pini 15, puliza vumbi (la kiangazi halina huruma), urudishe mpaka ukae. Bado? Hamia tundu jingine la SATA (pale waya wa data unapochomekwa kwenye madabodi), halafu badili waya wa data. Bei yake ni rahisi na ndio hulegea mapema. Kagua pia adapta ya Molex (ile inayogeuza plagi ya umeme ya zamani iingie kwenye diski ya SATA) kama plastiki yake imeungua.

Kwenye M.2, zile diski nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi, kuingia si kusomwa: tundu la M.2 la SATA pekee halisomi diski ya NVMe, aina yenye kasi zaidi.

Sasa sikiliza. Diski ya inchi 3.5 ikiwa kimya kabisa, huenda volti 12 hazifiki au bodi yake imekufa. Ikigonga tik-tik-tik, zima papo hapo. Kila ukiwasha, kichwa cha kusomea kinaweza kukwangua sahani zenye data zako. Habari za kuiweka kwenye friza achana nazo, unyevu utaganda ndani.

Ukitaka kuijaribu kwenye mashine nyingine kwa adapta ya USB, hakikisha adapta ina umeme wake. USB ya kawaida hutoa volti 5, zinazoitosha diski ya laptopu tu.