Mdogo wangu, anza na mchanga mtupu

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliniandikia: "Kaka, mradi wangu wa mwisho nataka uwe wa kutafuta mabomu ya ardhini ya plastiki kwa sauti. Nianzie wapi?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Njia hiyo niliipita, na iliniaibisha.

Wazo lenyewe ni zuri. Bomu kama M14 la Marekani liliundwa likiwa na chuma cha ncha ya pini ya kufyatulia tu, hivyo kifaa cha kutafuta chuma kinaweza kulipita kimya na kupiga kelele juu ya msumari. Sauti haijali chuma. Inauliza kama kilichofukiwa kinabonyea. Ganda la plastiki lina uwazi ndani, na udongo ulio juu yake hudundadunda kama uko juu ya springi. Jiwe halifanyi hivyo. James Sabatier na Ning Xiang wa Chuo Kikuu cha Mississippi waliielekezea ardhi sauti nzito ya spika, kisha wakausoma mtetemo wa udongo kwa leza bila kuugusa.

Mimi sikuwa na leza. Nilikuwa na sanduku la mchanga, spika, kihisi cha mtetemo na kopo tupu la plastiki nililolifukia sentimita tano. Nikaipandisha sauti kutoka nzito hadi nyembamba, yaani kutoka 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde) hadi 300 Hz. Karibu na 140 Hz grafu ya mtetemo ikapanda kama mlima. Usiku ule sikulala kwa furaha, na asubuhi nikamwambia kila mtu nimefaulu.

Siku ya kuonyesha, mmoja wa waamuzi akakisogeza kihisi hadi pasipo na kopo. Mlima ukabaki palepale. Kumbe kilichokuwa kikilia ni fremu iliyoshika spika na kihisi pamoja. "Umegundua meza yako," akasema mbele ya ukumbi mzima. Miaka sita imepita, bado inaniuma. Kosa lilikuwa langu, lakini angeweza kuniita pembeni.

Baadaye nilitenganisha spika na kihisi, nikapima mchanga mtupu sehemu thelathini, ndipo nikafukia kopo. Mlima ukatokea sehemu moja tu, na nilipolifukua ukatoweka. Nilipolifukia tena na kuumwagia mchanga maji, mlima ukahamia Hz nyingine.

Vijana, pimeni ardhi tupu kwanza! Mkimaliza, pimeni tena. Tusikimbilie makofi. Anayetegua mabomu ataweka goti lake pale kifaa chako kilipomwambia ni salama, na goti hilo lina mwenyewe, lina watoto wanaolisubiri nyumbani. Na mtu asikuhadae uende kujaribu kwenye eneo lenye mabomu halisi. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa. Kopo tupu linatosha.

Basi mdogo wangu, kabla hujafukia chochote, nitumie grafu ya mchanga mtupu. Nitakaa nayo usiku mzima ikibidi.