Kwa wanaoanza kusomea filamu: anzeni na Kerala

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza filamu huuliza kwanza bei ya kamera. Nami huwaelekeza kwanza kwenye historia ya sinema ya Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Sensa ya 2011 ilihesabu huko watu wapatao milioni 33, katika nchi ya watu bilioni 1.2. Soko lao ni dogo, lakini filamu zao hutazamwa India nzima, na nyingine hutengenezwa upya kwa Kihindi, Kitamil na Kitelugu.

Filamu yao ya kwanza yenye sauti, Balan ya 1938, ilitengenezwa Salem, mji wa majirani zao Watamil. Studio ya Udaya ilikuja baadaye, mwaka 1947, mjini Alappuzha, Kerala kwenyewe. Ila kwa maoni yangu kilichowainua zaidi ni maktaba. Kuanzia 1945 mwalimu P. N. Panicker aliunganisha maktaba za vijijini, na usomaji ukaenea hadi kwa watu wa kawaida. Waongozaji wakapata hadithi zilizokomaa: Chemmeen ya 1965, iliyotokana na riwaya ya Thakazhi Sivasankara Pillai kuhusu wavuvi, ilipata medali ya dhahabu ya Rais wa India. Mwaka huohuo mwongozaji Adoor Gopalakrishnan na wenzake walianzisha Chitralekha, chama cha kutazama filamu na kuzijadili. Miaka saba baadaye Adoor akatoa filamu yake ndefu ya kwanza, Swayamvaram.

Basi fanyeni hivyo. Kabla ya kukopa pesa ya kamera, tafuteni ukumbi, tazameni filamu pamoja, mbishane mpaka usiku. Someni riwaya za kwenu. Muswada uandikwe upya mara nyingi kadiri unavyohitaji. Karatasi ni rahisi kuliko siku moja ya kupiga picha.

Jambo jingine, na hili naomba mlishike sana. P. K. Rosy, mwigizaji wa kike wa kwanza wa Kimalayalam, alikuwa Dalit, yaani wa watu waliobaguliwa kuwa chini ya matabaka yote ya India. Kwa kuigiza mwanamke wa tabaka la juu alishambuliwa hadi akalazimika kuhama kwao. Ripoti ya Kamati ya Hema, iliyoundwa na serikali ya Kerala kuchunguza hali ya wanawake katika sinema ya Kimalayalam, ilitolewa hadharani Agosti 2024; ilieleza unyanyasaji wa kingono, na waigizaji wa kike kukosa hata vyoo kwenye maeneo ya kazi. Kwa hiyo mkipanga bajeti ya filamu yenu ya kwanza, mikataba ya maandishi, vyoo na chumba cha kubadilishia nguo viandikwe juu kabisa, kabla ya taa na kamera.